Aibu ya Kupitwa ni ya Nani?

Katika lugha yetu kuna vitenzi vilivyogawanywa kwa jinsia tangu enzi za mababu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukigeuza, watu watacheka, watadhani wewe ni mgeni. Lakini kuna vitenzi vingine ambavyo lugha haikuvigawa, ni watu tu waliovigawa kimyakimya. Kimojawapo ni "kupita". Mwanamume akimpita mwanamke katika mbio, amempita, basi, hiyo si habari. Mwanamke akimpita mwanamume, hapo mambo yanageuka. Mwanamume sasa "amepitwa", na neno lenyewe hutamkwa kama linatoka matangani. Hata mtoto wa darasa la pili anaijua ile kejeli: "Umeshindwa hata na msichana!"

Ndugu msomaji, ni hilo neno "hata" ninalotaka tulitazame. Ni dogo, lakini limebeba gunia zima. Linasema kwamba kushindwa na mvulana mwenzako ni kushindwa mara moja, bali kushindwa na msichana ni kushindwa mara mbili: mbio umeshindwa, na uanaume nao umeupoteza njiani. Hivyo nina maswali mawili. La kwanza: pale wanaume na wanawake wanapokimbia pamoja, mwanamke akatangulia, ile aibu inatoka wapi na ni ya nani? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: mwanamke anayejua kwamba anaweza kutangulia, je, adabu inamtaka apunguze mwendo?

Kwanza tuseme ukweli, maana hoja iliyojengwa juu ya uongo haina msingi. Mwanamume mwenye mbio kuliko wote duniani ana mbio kuliko mwanamke mwenye mbio kuliko wote. Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Wiki mbili baadaye Kelvin Kiptum wa Kenya, ambaye sasa ni marehemu, alikimbia ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Tofauti yao ni dakika 11 na sekunde 18. (Nimeiacha kwa makusudi ile 2:09:56 ya Ruth Chepngetich ya mwaka 2024, kwa sababu mwaka uliofuata alifungiwa miaka 3 kwa makosa ya dawa, nami sitaki kubishana juu ya hilo hapa.) Sababu za tofauti hiyo zinajulikana. Mvulana akibalehe, homoni humpa misuli mingi zaidi, moyo mkubwa zaidi, na damu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba hewa. Hayo hayabishaniwi, wala si tusi kwa mtu yeyote. Ndiyo maana wanawake wana medali zao na wanaume zao, na ni haki iwe hivyo.

Sasa basi, twende pole pole. Kiptum alikuwa na mbio kuliko Assefa. Je, wewe kaka unayesoma makala hii ukiwa umekaa kibarazani, una mbio kuliko Assefa? Siku ile ya Berlin walimaliza watu zaidi ya elfu arobaini, wengi wao wanaume. Waliomtangulia Assefa ni wachache mno. Wa tatu kwa wanawake alikuwa dada yetu Magdalena Shauri, Mtanzania, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, rekodi ya taifa. Nyuma yake walikuja wanaume maelfu kwa maelfu: madaktari, askari, mafundi, vijana wenye vifua, wazee wenye mazoezi ya miaka thelathini. Kila mmoja wao alipitwa na Magdalena. Na sidhani kama wengi walilala na huzuni kwa ajili hiyo. Walivaa medali zao wakaenda kula.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mwanamume anayesema "siwezi kupitwa na mwanamke" huwa hazungumzi juu ya miguu yake. Anazungumza juu ya miguu ya Kiptum. Amesikia kwamba wanaume wana mbio kuliko wanawake, akajihesabu ndani, kama mtu anayesikia ukoo wao una mashamba makubwa, naye hana hata jembe. Ni kweli kwamba ukichukua wanaume wote ukawapimia wastani, na wanawake wote ukawapimia wastani, wastani wa wanaume uko mbele. Lakini wastani si mtu. Wastani hauvai viatu, hautoki jasho, haubanwi na kichomi kwenye kilima. Barabarani wanakimbia watu, huyu na yule, kila mmoja na mapafu yake. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Walisema pia nguo ya kuazima haisitiri matako. Fahari ya mbio za mwanamume mwingine ni nguo ya kuazima, na siku msichana wa jirani anapokupita kwenye kona, ndipo nguo inapovuka.

Atatokea mtu aseme: je, ni vibaya kujivunia mwenzako? La hasha. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akiwa na muda uleule na Mjerumani aliyemfuata, sote tulirukaruka. Nilijivunia Simbu, na nina haki hiyo, maana yeye ni Mtanzania na mimi ni Mtanzania. Lakini fahari hiyo tuliipata sawasawa, mwanamume na mwanamke, mama muuza vitumbua na dereva wa daladala. Haikuniongezea hatua hata moja nikiwa barabarani. Yule anayedai fungu la ziada katika ushindi wa Simbu kwa sababu tu naye anavaa suruali, hilo fungu kalitoa wapi?

Tena tukumbuke kwamba kipimo chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwaka 1960 kule Roma, Abebe Bikila alikimbia bila viatu akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mwanamume aliyekuwa ameufikia. Miaka minne baadaye, Tokyo, akashusha hadi 2:12:11. Dunia nzima ilimwita simba, na kwa haki kabisa. Sasa tazama: Brigid Kosgei wa Kenya alikimbia 2:14:04 mwaka 2019, na Assefa, binti wa nchi ileile ya Bikila, akakimbia 2:11:53. Sekunde 18 chini ya ule wa Tokyo. Najua mtasema viatu vya siku hizi vina bamba la kaboni, barabara ni laini, mazoezi yana wataalamu, na fedha zipo. Ni kweli yote. Lakini hiyo inathibitisha ninachosema. Kama uanaume ungekuwa ni namba fulani kwenye saa, basi wanawake wameshaipita namba ya shujaa mkubwa kuliko wote wa zamani. Je, Bikila amepungukiwa uanaume kaburini mwake? Nani atathubutu kusema? Basi uanaume haukuwa kwenye saa tangu mwanzo.

Kwa nini basi watu walihangaika sana kuwazuia wanawake wasikimbie? Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka ovyo mwishoni, kwamba ni maajabu ya kutisha, kwamba mwili wa kike haukuumbiwa hayo. Mbio zile zikafutwa katika Olimpiki hadi mwaka 1960. Lakini nani hajawahi kumwona mwanariadha wa kiume akijitupa chini baada ya utepe? Mwanamume akianguka tunasema amejitoa mhanga. Mwanamke akianguka tunasema aliambiwa.

Mwaka 1966 huko Boston, Marekani, binti aitwaye Bobbi Gibb aliomba kukimbia marathoni akajibiwa kwamba wanawake hawana uwezo huo wa kimaumbile. Akajificha kwenye vichaka karibu na mahali pa kuanzia, akiwa amevaa kaptula ya kaka yake na fulana yenye kofia, wanaume walipoanza akajichomeka katikati yao. Waliomgundua njiani hawakumfukuza, walimtia moyo. Akamaliza kwa saa 3 na dakika 21 hivi, na theluthi mbili ya wanaume walikuwa bado wako nyuma yake. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Asiyekuwa na uwezo wa kimaumbile aliwatangulia wawili katika kila watatu wenye uwezo huo! Mwaka uliofuata Kathrine Switzer akajiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, akapewa namba 261, na msimamizi mmoja wa mbio akamrukia njiani akitaka kuing'oa ile namba. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972, na marathoni ya wanawake ikaingia Olimpiki mwaka 1984.

Mimi ninayejifunza kuandika riwaya napenda sana kuangalia watu wanaogopa nini. Yule msimamizi hakuogopa kwamba Switzer angeshindwa kumaliza. Mtu anayeamini mwenzake atashindwa hukaa pembeni akamngoja ashindwe. Anayekimbilia kung'oa namba ni yule anayehofia kwamba namba itafika.

Na namba zimefika, wakati mwingine mbele ya zote. Iko michezo ya kukimbia umbali ambao sisi kwetu tungepanda basi, tena basi la asubuhi. Huko Marekani kuna mbio za Badwater, kilomita 217, katikati ya Julai, kuanzia bonde la jangwa lililo chini ya usawa wa bahari. Pam Reed, mama wa watoto, alizishinda mwaka 2002, wanaume na wanawake kwa pamoja. Watu wakasema ni bahati. Akarudi mwaka 2003 akashinda tena. Mwaka 2017 Courtney Dauwalter alikimbia mbio za Moab, zaidi ya kilomita 380, akamtangulia mwanamume aliyemfuata kwa saa kumi. Umesikia, saa, siyo dakika. Na Januari 2019, Uingereza, Jasmin Paris alikimbia mbio za Spine, karibu kilomita 430 kwenye vilima vya baridi na giza, kwa saa 83 na dakika 12. Alikuwa na mtoto anayenyonya, kwa hiyo vituoni, wenzake wakila na kulala, yeye alikuwa anakamua maziwa. Aliivunja rekodi ya mbio hizo kwa saa 12, na mwanamume wa kwanza akafika saa 15 baada yake.

Nisieleweke kwamba nadai wanawake sasa ndio wakubwa wa masafa marefu. Mara nyingi hata huko mshindi ni mwanamume. Lakini watafiti wamegundua kwamba kadiri njia inavyorefuka, nguvu peke yake hupungua thamani, na mambo mengine huanza kuhesabiwa: kugawa mwendo vizuri, kula njiani, kustahimili usingizi, kutoingiwa na pupa mapema. Hata kwenye marathoni za kawaida imeonekana wanaume, kwa wastani, hupungua mwendo nusu ya pili kuliko wanawake. Wengi huanza kama moto wa mabua.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1994 ninachokipenda kwa sababu hakina mshindi rahisi. Huko Leadville, milima ya Colorado, mbio za kilomita 160 zilikuwa na kundi la wanaume wa kabila la Tarahumara kutoka Mexico, watu ambao kukimbia milimani ni sehemu ya maisha yao kama kwetu kuteka maji. Dhidi yao alikuwapo Ann Trason. Aliongoza kwa muda mrefu, kundi zima likimtafuta. Mwishoni Juan Herrera akampita, akashinda kwa saa 17 na nusu. Trason akawa wa pili, dakika 36 hivi nyuma. Kila mtu husimulia kwamba Herrera alimshinda Trason. Mimi nauliza upande wa pili: wale wengine wote waliofika nyuma ya Trason, walipungukiwa nini? Na Herrera mwenyewe, angekimbia vile kama mbele yake kusingekuwa na mtu wa kufukuza? Aliyetangulia ndiye aliyemwonyesha jinsi anavyoweza kukimbia. Katika mbio, anayekupita hakunyang'anyi. Anakupa kipimo chako, bure.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la pili, la adabu, na hapa lazima nitoe mfano wa nyumbani. Nilisoma shule ya mchanganyiko. Kila alfajiri tulikuwa na mchakamchaka, na Jumamosi mbio za nyika, kilomita nane hivi, wasichana na wavulana kwa pamoja kwa sababu saa ya kupimia ilikuwa moja. Jumamosi moja nilifika wa nne. Mwalimu wa zamu akatoa amri: wavulana wote waliofika nyuma yangu wakafyeke majani nyuma ya jiko, kwa kosa la kupitwa na msichana. Kisha akaniita pembeni. Hakuwa mkali, alisema kwa upole kabisa, kama mzazi: "Binti, mbio unazo. Lakini jifunze kuwastahi wenzako. Siku nyingine ukiona mmekaribia kufika, waache waingie kwanza."

Jumamosi iliyofuata, kwenye kilima cha mwisho, mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa ubavuni mwangu akihema kama mvukuto. Akaniambia, "Dada, nihurumie, niachie leo. Viganja vimechubuka na fyekeo." Angalieni maneno yake. Hakusema niachie kwa sababu mimi ni mwanamume. Hakuona aibu hata kidogo. Aliogopa fyekeo! Nilimwambia akaze, tukakimbia wote hadi mwisho, nikaingia yeye akiwa hatua mbili nyuma. Akaenda kufyeka.

Nimelitafakari jambo hilo miaka mingi. Kuna watakaosema nilikuwa na roho ngumu, hatua mbili tu zingemwokoa mtu na malengelenge. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sisi watu wa huku tumelelewa kusitiriana. Mgeni akikosea kula, unajifanya hujaona. Mzee akisahau jina, unamkumbusha kwa hila. Kusitiri ni jambo jema sana, nami sitaki tulipoteze. Lakini sitara hufunika aibu. Mahali pasipo na aibu, sitara ndiyo inayoileta. Ningempisha yule kijana, ningekuwa nimekubali mbele ya shule nzima kwamba kuwa nyuma yangu ni uchafu unaohitaji kufunikwa. Ningeithibitisha ile amri ya mwalimu kwa miguu yangu mwenyewe. Na kuhusu viganja vyake, aliyevichubua si mimi wala si mwendo wangu. Ni aliyetunga adhabu. Ni ajabu jinsi tunavyopenda kumbebesha mwanamke lawama za sheria aliyoitunga mtu mwingine: vaa hivi wasikutazame, sema pole pole wasikasirike, kimbia taratibu wasipigwe.

Tena yako mambo mawili. La kwanza, anayempisha mwenzake kwa siri anamdharau kuliko anayempita. Anayempita anamwambia: nakuona mtu mzima, ukweli huu utauweza. Anayempisha anasema moyoni: huyu ni mtoto, tumpe pipi. Nashangaa wanaume wanaodai heshima halafu wanaridhika na pipi. La pili, mwanariadha akipunguza mwendo kwa sababu amehongwa, tunamwita mdanganyifu na anafungiwa. Akipunguza mwendo kwa sababu ameambiwa awastahi wanaume, tunasema amelelewa vizuri. Lakini saa imedanganywa vilevile, na watazamaji wamedanganywa vilevile. Na aliyedanganywa zaidi ni yule msichana wa kidato cha kwanza anayekuja nyuma, ambaye amewaona wote wakiingia na amejifunza kuwa dari ya wasichana iko pale, kumbe dari hiyo ni ya karatasi.

Msidhani mambo haya ni ya shule zetu tu. Hata wakubwa wa riadha duniani walikwama hapohapo. Tegla Loroupe, Mpokoti wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York mwaka 1994, aliweka rekodi ya dunia Rotterdam mwaka 1998 kwa 2:20:47. Wapo waliolalamika, ati wanaume walikimbia naye bega kwa bega. Mwaka 2003 Paula Radcliffe alikimbia London kwa 2:15:25, wanaume wakimvutia mwendo. Mwaka 2011 shirikisho la riadha la dunia likaamua kwamba rekodi ya mwanamke itahesabiwa tu kama mbio zilikuwa za wanawake peke yao, na muda wa Radcliffe ukataka kuondolewa kwenye vitabu. Kelele zikapigwa, na kabla mwaka haujaisha wakalegeza: rekodi zikawa mbili, ya mbio mchanganyiko na ya wanawake peke yao.

Nitawatendea haki. Hoja yao ina uzito. Mwanamume mwenye kasi kuliko wote anapowekewa watu wa kumvutia mwendo, wao huchoka na kujitoa njiani, kwa sababu hakuna awezaye kwenda naye hadi mwisho. Sehemu ya mwisho hukimbia peke yake na upepo. Mwanamke anaweza kupata mwanamume wa kumkingia upepo kilomita zote 42. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kuandika rekodi mbili si jambo baya. Ninachokataa ni ule wepesi wa kudhani kwamba mwendo wa mwanamke ni mali ya mwanamume aliyekuwa karibu naye. Mwanamume akivutiwa mwendo na wanaume watatu nusu ya njia, hatusemi rekodi ni yao. Tunasema alisaidiwa, akakimbia. Basi naye alisaidiwa, akakimbia. Hakuna mtu aliyewahi kubebwa mgongoni na upepo wa mwenzake kilomita 42. Miguu ilikuwa yake, na maumivu yalikuwa yake.

Kwa hiyo jibu langu la swali la kwanza ni hili. Aibu ya kupitwa si ya aliyepitwa, maana yeye alikimbia kadiri alivyoweza, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Wala si ya aliyepita. Ni ya anayesimama kando ya njia, hakukimbia hata hatua moja, akapiga kelele "hata na msichana!" Yeye ndiye anayeileta aibu mfukoni na kuwagawia watu wawili wasiyoihitaji. Na jibu la swali la pili ni fupi: dada, usipunguze. Adabu yako ionyeshe baada ya utepe. Mngoje mwenzako, mpe maji, mshike bega, mwambie amekimbia vizuri, kama amekimbia vizuri. Hiyo ndiyo heshima yenye ukweli ndani yake.

Nawe kaka, siku ukisikia nyayo zinakuja nyuma yako, nyepesi na za haraka, usigeuke kutazama kama ni za kike au za kiume. Ukigeuka utapoteza hatua mbili bure. Lugha yetu, pamoja na kuoa na kuolewa kwake, imetupa hekima moja ambayo baadhi ya lugha hazina. Mtu akimaliza safari, Kiswahili hakiulizi amevaa nini. Kinasema tu: amefika.